Baada ya Minyororo: Historia ya Kazi za Shuruti Darasani

Hotuba iliyotolewa mbele ya wanachama, walimu na wanafunzi katika mkutano wa mwaka wa Chama cha Wanafunzi wa Zamani



Katibu aliponiandikia kuniomba nizungumze leo, alinitaka niseme juu ya kazi yangu ya uafisa kazi na faida za kusoma kwa bidii. Juu ya bidii nadhani mmekwisha kuambiwa ya kutosha. Kwa idhini yenu nitasema juu ya swali moja nililoulizwa darasani, ambalo sikulijibu vizuri, na ambalo tangu siku ile halijaniacha.

Mwaka jana rafiki yangu, mwalimu wa Historia, alinialika katika shule anayofundisha niwaeleze wanafunzi wa Kidato cha Tatu asili ya sheria zetu za kazi. Nilianza na utumwa. Niliandika ubaoni: Unguja na Pemba 1897, pwani ya Kenya 1907, Tanganyika 1922. Nikapiga mstari mnene chini ya 1922 nikasema, "Hapo utumwa ukaisha." Binti mmoja wa safu ya nyuma akanyoosha mkono. Akasema, "Mwalimu, bibi yangu anasema baba yake alichukuliwa kwa nguvu na jumbe akapelekwa kukata mkonge wakati wa vita vya Hitla. Kama utumwa uliisha 1922, yeye alikuwa nani?"

Wenzake walicheka. Mimi nikamjibu haraka, kama tunavyojibu wananchi dirishani tunapotaka kwenda kula, "Huyo alikuwa manamba." Akauliza tena, "Lakini manamba si walijiandikisha wenyewe?" Kengele ikalia, ikaniokoa.

Ndugu zangu, swali lile liliniuma kwa sababu jibu lake lilikuwa nyumbani kwetu. Babu yangu mzaa baba, Mgogo, mfugaji wa ng'ombe, alichukuliwa vivyo hivyo mwaka 1943. Sisi wajukuu tulimsikia mara nyingi akisema, "Hiyo ilikuwa kabla ya mwaka wa Korogwe," au, "Ng'ombe huyo mama yake nilimwacha mwaka wa Korogwe." Tulidhani Korogwe ni njaa au ugonjwa fulani wa zamani. Wakati huo huo mimi nilikuwa hapa shuleni, katika madarasa yale ya upande wa bwalo, nikikariri njia tano ambazo wakoloni walitumia kupata wafanyakazi: kodi, kunyang'anya ardhi, kuandikisha kwa nguvu, mishahara midogo, na sheria za vipande. Swali lilikuja katika mtihani, nikazitaja zote tano kwa mpango mzuri, nikapata alama zote. Babu alifariki mwaka ule ule. Sikuwahi kumwuliza hata neno moja.

Hiyo ndiyo hoja yangu ya leo. Sisemi kwamba habari za kazi za shuruti hazifundishwi, zinafundishwa. Lakini tunazifundisha kama orodha. Tunamaliza utumwa kwa tarehe, tunafunga daftari, kisha tunafungua mada mpya ya uchumi wa kikoloni kana kwamba watu wake walishuka kutoka mbinguni. Mwanafunzi haoni kwamba ni nchi ile ile, jembe lile lile, na mara nyingine ni mtu yule yule.

Hebu tuzitazame tarehe zile nilizoziandika ubaoni. Tarehe 6 Aprili 1897 Seyyid Hamoud bin Mohammed, Sultani wa Zanzibar, alitoa amri, kwa kusukumwa na Waingereza, kwamba mahakama zisitambue tena haki ya mtu kummiliki mwenziwe. Ni siku kubwa na haipasi kubezwa. Lakini amri yenyewe haikumfungulia kila mtu mlango. Mtumwa alitakiwa aende mwenyewe kudai uhuru wake. Bwana wake ndiye aliyelipwa fidia. Masuria waliachwa nje mpaka mwaka 1909. Na ndani ya amri ile ile iliandikwa kwamba aliyeachwa huru aonyeshe kuwa ana makao na njia ya kujipatia riziki, ama sivyo ahesabiwe mzururaji. Tena aweza kutozwa kodi na kutakiwa kazi kama raia wengine. Mtu asiye na shamba ataonyesha riziki gani? Wengi walibaki pale pale kwenye mikarafuu ya mabwana zao, wakipewa kipande cha kulima kwa malipo ya siku za kazi. Sheria ilifunga mlango wa mbele, ikauacha wa uani.

Huku bara, Wajerumani hawakukomesha utumwa kwa mara moja. Mwaka 1904 walitangaza kwamba watoto wa watumwa watakaozaliwa baada ya tarehe 31 Desemba 1905 watakuwa huru. Lakini kabla ya watoto hao kuzaliwa, watu huru walikuwa wamekwisha kushikwa kwa njia nyingine. Kodi ya nyumba ilianza kutozwa mwaka 1898, na asiyekuwa na fedha alilipa kwa jasho. Tangu mwaka 1902, chini ya Gavana von Götzen, mashamba ya pamba ya pamoja yalianzishwa katika wilaya za pwani na kusini, na watu wakatolewa makwao kwenda kuyalima chini ya usimamizi wa maakida na majumbe. Huko Usambara, wilaya iliyoitwa Wilhelmstal ambayo leo ni Lushoto, kila mwanamume alipewa kadi, akatakiwa amfanyie Mzungu kazi siku 30 katika kila miezi minne. Asiyeijaza kadi yake alipelekwa kwenye kazi za serikali.

Tunaposomesha vita vya Maji Maji tunapenda kuanza na dawa ya Kinjikitile Ngwale. Lakini Wamatumbi wa Nandete walipoanza, mwezi wa Julai 1905, kitu cha kwanza walichokigusa kilikuwa mche wa pamba. Waliung'oa. Watu wale walikuwa wakisema, bila kuandika barua wala kuitisha mkutano, kwamba hawakubali kulimishwa. Wasomi wanakisia kwamba waliokufa kwa vita na kwa njaa iliyofuata walikuwa kati ya 75,000 na 300,000. Mwanafunzi akielewa ule mche wa pamba, ataelewa pia kwa nini watu walikuwa tayari kuyaamini maji.

Waingereza nao walipokuja, walikuta vita. Mtaa wa Kariakoo pale Dar es Salaam, ambako leo tunakwenda kununua vitambaa na vyombo, umepata jina lake kutokana na kikosi cha wapagazi. Walikuwa watu waliobeba mizigo ya vita vya 1914 hadi 1918, wengi wao bila hiari yao, na makumi ya maelfu hawakurudi makwao. Nimewauliza vijana wengi maana ya jina Kariakoo. Wengi huniambia ni soko.

Mwaka 1922 utumwa ulipigwa marufuku kabisa Tanganyika. Mwaka huo huo Shirikisho la Mataifa, lililotangulia Umoja wa Mataifa, liliwathibitishia Waingereza udhamini wa nchi hii, na mkataba ukakataza kazi za shuruti, isipokuwa kwa kazi na huduma muhimu za umma, na kwa malipo ya kutosha. Neno lile "isipokuwa" lilikuwa pana kuliko barabara zilizolimwa kwa ajili yake. Asiyeweza kulipa kodi kwa fedha aliweza kufanyishwa kazi za serikali mpaka deni liishe. Mwaka 1930 Shirika la Kazi Duniani lilipitisha mkataba wa kukomesha kazi za shuruti, nao ukaacha nafasi kwa nyakati za vita na dharura. Basi vita vilipokuja, na Wajapani walipoziteka mwaka 1942 nchi za Asia zilizokuwa zikitoa mpira na katani, serikali iliwaandikisha watu wa Tanganyika kwa nguvu kwenda kwenye mashamba ya mkonge na ya mpira. Mengi ya mashamba hayo yalikuwa mikononi mwa makampuni na watu binafsi. Makumi ya maelfu walikwenda. Mmoja wao alikuwa babu yangu. Mwingine, bila shaka, alikuwa baba wa bibi wa yule binti.

Sasa yule binti anangoja jibu: yeye alikuwa nani?

Naomba tuwe waangalifu hapa, maana mwalimu wa Historia si mhubiri. Hakuwa mtumwa. Mtumwa aliuzwa, na hali yake ilirithiwa na mtoto aliyezaliwa na mama mtumwa. Babu yangu hakuuzwa. Alikuwa na muda wake, alilipwa kiasi, na alirudi. Tukiita kila kazi ngumu utumwa, tutakuwa tumewadhulumu watumwa wenyewe. Wala hakuwa manamba kama neno lilivyotumika kwa wale waliojiandikisha, ingawa nao wengi waliandikishwa na kodi kabla ya kuandikishwa na wakala. Alikuwa raia huru kwa sheria, aliyelazimishwa kwa sheria. Wanafunzi, liandikeni hilo. Shuruti haihitaji mnyororo. Yaweza kuja kwa karatasi iliyopigwa muhuri.

Na karatasi, ndugu zangu, lazima iandikwe na mtu. Hapa ndipo panaponigusa mimi kama mtumishi wa serikali, na nadhani panatugusa sote tuliopita katika shule hii.

Baada ya babu kufariki, bibi alinipa bati moja la biskuti. Ndani yake mlikuwa na stakabadhi za kodi za miaka mingi, zimefungwa kwa uzi mweusi, na kipande chake cha kazi. Nikamwuliza kwa nini mzee alihifadhi stakabadhi zote zile. Akajibu, "Mtu asiye na karatasi alikuwa hawezi kutembea njiani." Kisha akanisimulia siku ya baraza. Akasema, "Aliyesoma majina hakuwa Mzungu. Mzungu alikuwa amekaa kivulini. Aliyesoma alikuwa kijana wa kwetu, mtoto wa watu tunaowajua, amesoma misheni, amevaa kaptura nyeupe imenyooka. Na mwandiko wake ulisifiwa na kila mtu."

Sijapata kusikia habari iliyonitisha zaidi ya hiyo. Kwa maana mimi pia ni mtoto wa watu wanaojulikana, niliyesoma, na mwandiko wangu ulisifiwa hapa hapa. Shule ndizo zilizotoa makarani, wakalimani na wahasibu wa kodi. Simlaumu kijana yule. Huenda alikuwa na wazazi wa kulisha, na kama angekataa angesoma mwingine. Lakini tunapofundisha habari hizi kana kwamba kulikuwa na Wazungu wenye kiboko upande mmoja na sisi sote upande wa pili, tunamficha kijana yule. Tukimficha, hatutamtambua siku atakapokuwa ni sisi.

Basi nifanyeje? Mimi si mwalimu, na mwenye nyumba ndiye ajuaye panapovuja. Hata hivyo naomba kutoa mapendekezo manne.

La kwanza. Kila tarehe ya kukomesha jambo ifuatwe na swali, "Na mwaka uliofuata, yule mtu aliamka wapi, akala nini, akalima shamba la nani?" Swali hilo halihitaji kitabu kipya. Linahitaji dakika kumi tu baada ya kuandika 1897 au 1922.

La pili. Tuwapeleke wanafunzi kwa wazee wakati wangalipo. Mwaka 1968 wanafunzi wa Historia wa Chuo Kikuu pale Dar es Salaam walikwenda vijijini kuwahoji wazee waliokumbuka Maji Maji, na mengi tunayoyajua leo juu ya vita vile yalitoka vinywani mwa wazee hao. Walikuwa vijana kama ninyi, wenye daftari na kalamu. Waliochukuliwa 1943 karibu wote wametutoka, lakini watoto wao wapo. Baada ya miaka ishirini hata hao hatutakuwa nao.

La tatu. Walimu wachunge heshima ya watoto. Katika lugha yetu neno "mtumwa" bado ni tusi, na methali yasema mwacha asili ni mtumwa. Lakini wapo watoto ambao asili yao yenyewe ilipita utumwani, na wengine ambao babu zao ndio waliomiliki watumwa, nao wameketi dawati moja. Asisimamishwe mtoto mbele ya darasa aeleze ukoo wake. Mwenye kutaka kusema aseme, na asiyetaka aachwe. Aibu ya jambo hili ni ya waliolitenda, si ya waliotendewa, wala ya wajukuu wao wa upande wowote.

La nne nalisema kwa unyenyekevu mbele ya Mkuu wa Shule. Siku zetu, aliyechelewa namba alipewa mita kadhaa za kulima. Aliyezungumza Kiswahili nje ya saa zake, kulima. Aliyefeli hesabu, kulima. Mwalimu Nyerere alipoandika Elimu ya Kujitegemea mwaka 1967, alitaka kazi ya mikono iwe sehemu ya elimu, na mazao yake yawafaidie wanaolima. Sisi tuliigeuza ikawa adhabu. Kijana aliyezoea kwamba jembe ni la mkosaji, akipata madaraka, atampa nani jembe? Kazi mbaya si mchezo mwema, walisema wahenga, nami naamini hivyo. Lakini kazi ipewe heshima yake, na adhabu itafutiwe njia nyingine.

Huenda mtu akauliza, ya nini kufukua ya zamani, nasi tuko huru? Ni kweli. Tanganyika iliridhia mikataba ya kimataifa dhidi ya kazi za shuruti mwaka 1962, miezi michache tu baada ya Uhuru. Tangu mwaka 1984 Katiba yetu ina sehemu ya haki za raia, na ibara ya 25 inakataza kumlazimisha mtu kufanya kazi, kisha inataja mambo ambayo hayahesabiwi kuwa shuruti: hukumu ya mahakama, kazi za jeshi, dharura, na kazi za kujenga taifa kwa mujibu wa sheria. Mwaka mmoja tu kabla yake, 1983, tulikuwa na sheria ya Nguvu Kazi, ambayo kwayo watu walioonekana hawana shughuli mjini walikamatwa na kupelekwa vijijini. Sisemi kwamba Nguvu Kazi ilikuwa sawa na mwaka wa Korogwe. Nia zake na watungaji wake walikuwa wengine. Nasema ni mada nzuri ya mdahalo wa Jumamosi usiku, na wanafunzi waliofundishwa vizuri wataijadili bila woga na bila matusi.

Na hata leo. Ofisini kwangu haupiti mwezi bila kufika habari ya binti aliyeletwa mjini na jamaa kwa ahadi ya kusomeshwa cherehani, akafanyishwa kazi za nyumbani miaka miwili bila mshahara, nauli yake ya kurudi imeshikwa. Hajafungwa mnyororo. Mara nyingine hata mlango haujafungwa. Ukimwuliza kwa nini hakuondoka, anasema, "Nadaiwa." Mwenye nyumba naye husema, na mara nyingi anaamini asemayo, "Huyu ni kama mwanangu." Mwenye nyumba huyo, ndugu zangu, mara nyingi ni msomi. Amepasi Historia.

Sasa niwageukie ninyi wanafunzi. Mnakwenda likizo. Nawaombeni kila mmoja atafute nyumbani jambo moja tu: stakabadhi, kipande, jina la mahali linalotajwa kama mwaka, au wimbo wa kazi ambao bibi huuimba bila kueleza ulikotoka. Liandikeni, na muandike nani alisema na lini. Nasi wazee wa Chama, badala ya kuchangia kikombe kingine cha mashindano, tununue kabati moja la vioo liwekwe maktaba. Bati la babu yangu la biskuti nimelileta. Liko kwenye gari. Nitamkabidhi Mkuu wa Shule baada ya chakula.

Kipande cha kazi kilichomo ndani kina namba, kina miraba ya kuhesabia siku, na miraba yote imejazwa. Pembeni, kwa wino uliofifia, limeandikwa jina la babu. Limekosewa herufi moja, lakini mwandiko ni mzuri sana.

Yule binti nimemwandikia barua kupitia mwalimu wake. Nimemwambia kwamba babu yake mkuu alikuwa mtu huru aliyelazimishwa, kwamba wangu alikuwa hivyo pia, na kwamba swali lake lilistahili zaidi ya kengele.